Televisheni ya elimu: somo limerushwa, Oldonyo Sambu nani amelipokea?

Na Mwandishi Wetu, Oldonyo Sambu, Arusha

SAA kumi na moja jioni, kibanda umiza kilicho kando ya barabara ya Namanga kimeshajaa. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki: mechi mbili za Uingereza na muvi moja ya Kihindi, ya kutafsiriwa. Ndani kuna mabenchi ya mbao, televisheni iliyofungiwa kwenye fremu ya nondo, king'amuzi kimoja, na betri ya gari chini ya meza kwa siku ambazo umeme unakatika. Madereva wa bodaboda wamekaa bega kwa bega na vijana waliotoka machungani, fimbo zimelazwa chini ya mabenchi.

Nyuma ya kibanda kuna mahali mabati mawili hayakukutana vizuri. Hapo wamejipanga watoto wenye sweta za shule, mmoja anachungulia, wengine wanasubiri zamu. Wananiamkia shikamoo bila kugeuza shingo.

Dawati la makala lilinituma huku na swali moja. Tanzania ina vipindi vya televisheni vya kufundishia watoto, na baadhi yake vimepimwa na watafiti vikaonekana kufundisha kweli. Je, mtoto wa Oldonyo Sambu anaviona?

Anaviona kwa bahati. Kuna nyumba zenye dishi juu ya paa, kuna nyumba zenye taa moja ya sola na redio, na kuna maboma ambako umeme bado ni nguzo zinazoonekana kwa mbali. Mtoto akikuta kipindi cha maana, mara nyingi amekikuta dukani kwa yeyo (mama) fulani, amesimama mlangoni, kabla hajatumwa maji.

Lawama za hali hii huangushiwa umaskini, kisha mjadala unaishia hapo. Lakini televisheni ya elimu ina historia ya zaidi ya miaka 70, Tanzania ina sehemu yake humo, na historia hiyo inaonyesha jambo lililo wazi kabisa: somo la televisheni limefanikiwa pale mtu alipolibeba hadi kwa mwanafunzi na kukaa naye, na limekwama kila lilipoachiwa mnara peke yake.

Mtandao uliosafiri kwa posta

Mwaka 1952 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitenga nafasi 242 za chaneli kwa ajili ya elimu tu, zisiguswe na wafanyabiashara. Kituo cha kwanza kuzitumia kilikuwa KUHT cha Houston, kilichoanza Mei 1953. Vituo vingine vikafuata, vingi vikiwa vya vyuo vikuu na bodi za shule, lakini vyote vilikuwa na njaa ya vipindi.

Kazi ya kuvilisha ilikuwa ya kituo kilichokuwa Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, kwa fedha za Ford Foundation. Baadaye kilihamia New York, na kuanzia 1963 kikajulikana kama National Educational Television, kwa kifupi NET.

Mtandao huo haukuwa na nyaya za kuunganisha vituo, kwa kuwa kukodi njia za simu kwa ajili ya picha kulikuwa ghali mno. Kipindi kilirekodiwa kwenye filamu, kikafungwa kwenye kasha na kutumwa kwa posta. Kituo cha kwanza kilikionyesha, kikakituma kwa cha pili, cha pili kwa cha tatu. Mji mmoja uliweza kuona kipindi wiki kadhaa baada ya mji mwingine, na hakuna aliyeona kuwa ni hasara. Somo la hesabu halichachi.

Wengine walijaribu njia ya angani. Kuanzia 1961, ndege aina ya DC-6 ziliruka kutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Purdue, zikazunguka juu ya mji wa Montpelier, Indiana, katika kimo cha takriban mita 7,000. Hapo ni juu ya kilele cha Kilimanjaro kwa zaidi ya kilomita moja. Ndani ya ndege kulikuwa na kanda za masomo na mitambo ya kurushia. Chini ya tumbo la ndege, antena ilining'inia. Shule za majimbo sita ziliweza kupokea masomo hayo kwa wakati mmoja. Mradi huo ulisitisha safari zake mwaka 1968, gharama zikiwa mojawapo ya mizigo iliyouelemea.

NET yenyewe ilipisha mtandao wa PBS mwaka 1970. Lakini Novemba 10, 1969, ikiwa inaelekea ukingoni, ilirusha kwa mara ya kwanza kipindi cha watoto kiitwacho Sesame Street. Kipindi hicho tutakutana nacho tena, Kisarawe.

> Kipindi kilifungwa kwenye kasha na kutumwa kwa posta, kutoka kituo hadi kituo. Ndivyo ulivyoanza mtandao mkubwa wa televisheni ya elimu Marekani.

Zanzibar yatangulia, Bara yakaa kando

Huku kwetu, Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994.

Haikuwa bahati mbaya, ulikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ingemezwa na mji, ikawapa wachache wenye umeme na fedha kitu kingine cha kuwatenga na wengi wa vijijini. Nchi iliyokuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, si mbali na Oldonyo Sambu, isingeweza kueleza kwa nini mkulima wa Meru alipe kodi ili mtu wa Dar es Salaam aangalie picha sebuleni.

Zanzibar iliamua vingine. Mzee Abeid Amani Karume alitaka televisheni, tena ya rangi. Aliuawa Aprili 1972 kabla haijaanza kurusha, na ikazinduliwa chini ya Mzee Aboud Jumbe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Televisheni Zanzibar, TVZ, ndiyo ya kwanza ya rangi Kusini mwa Sahara. Kuupima uzito wa jambo hilo, Afrika Kusini pamoja na utajiri wake ilianza kurusha televisheni ya taifa Januari 1976.

TVZ ilipewa kazi ya kuelimisha na kuhamasisha, na ikajenga kitu ambacho Bara haikuwa nacho kwa miaka 20: mafundi wa kamera, watayarishaji, wasomaji na waigizaji waliozoea kufanya kazi hiyo kwa Kiswahili.

Hapa wataalamu wa habari hawakubaliani hadi leo. Wapo wanaosema Mwalimu alikuwa sahihi kwa kila shilingi. Wapo wanaosema tulipoteza kizazi kizima cha ufundi, ndiyo maana milango ilipofunguliwa, vituo vya binafsi kama ITV vilijikuta vikitegemea mno vipindi vya nje. Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC1, ilikuja baada ya vituo vya binafsi.

Mimi naona Mwalimu alishinda hoja ya fedha, lakini hoja ya ufundi haikupata wa kuisemea. Kukataa kuwasha mtambo hakukulazimu kuacha kufundisha hata kundi dogo la watu namna ya kutengeneza picha za kufundishia. Deni hilo tunalilipa bado.

Redio iliyokuwa na mtu pembeni

Badala ya televisheni, Bara ilichagua redio, na hapo ndipo penye urithi wetu mkubwa zaidi.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania. Kwa wiki 12 vipindi vilieleza malaria, kichocho, maji machafu na vyoo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, katika nchi iliyokuwa na watu takriban milioni 14.

Siri haikuwa redio. Siri ilikuwa vikundi. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walipewa mafunzo na vitabu. Watu walikusanyika chini ya mti au kwenye darasa, wakasikiliza kipindi, kiongozi akasoma kitabu kwa sauti, wakabishana, wakaamua: wiki hii tunachimba vyoo, wiki ijayo tunafukia madimbwi. Kisha wakaenda kuchimba. Baada yake ikaja Chakula ni Uhai, mwaka 1975.

Takwimu za kujua kusoma na kuandika nazo zilipanda, kutoka takriban theluthi moja ya watu wazima mwaka 1967 hadi asilimia 61 mwaka 1975, na zaidi ya asilimia 90 mwaka 1986. Redio haikufanya kazi hiyo peke yake. Ilifanya ikiwa na mtu pembeni.

Betri za Bouaké

Kosa la kumsahau mtu huyo lilifanywa na wengine, kwa fedha nyingi.

Samoa ya Marekani, visiwa vidogo vya Pasifiki, ilikabidhi shule zake kwa televisheni mwaka 1964. Mtambo uliwekwa juu ya Mlima Alava, ikajengwa hata njia ya kamba ya kuwavusha mafundi juu ya bandari hadi kileleni. Walimu wa studio walifundisha. Mwalimu wa darasani akabaki kuwasha, kuzima na kusimamia mazoezi. Ilipofika miaka ya 1970, walimu na wanafunzi wakubwa walikuwa wamechoka, na televisheni ikarudishwa nyuma iwe msaidizi tu.

Ivory Coast ilithubutu zaidi. Kuanzia 1971 shule za msingi zilifundishwa kwa vipindi vilivyotengenezwa Bouaké, na mradi ukakua hadi kufikia mamia ya maelfu ya wanafunzi. Vijiji visivyo na umeme vilipelekewa televisheni za kutumia betri. Kwa kijiji cha aina ya Oldonyo Sambu ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa: serikali ilikubali kwamba kipokezi na umeme wake ni sehemu ya somo, si shauri la mzazi.

Hata hivyo, mradi ulifungwa mwaka 1982. Gharama zilikuwa nzito, wazazi walilalamika, na walimu walijiona wameshushwa hadhi. Skrini iliwafikia watoto, lakini mwalimu aliyekaa kando yake hakuwa amehesabiwa kama mwalimu.

> Ivory Coast ilikubali kwamba kipokezi na umeme wake ni sehemu ya somo, si shauri la mzazi.

Akili, binti wa chini ya Kilimanjaro

Mwaka 2008 Sesame Street ilifika Tanzania kwa jina la Kilimani Sesame, ikizungumza Kiswahili na ikifundisha herufi, namba, malaria na VVU. Watafiti waliwafuatilia watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa wiki sita. Waliokipokea vizuri zaidi walionyesha maarifa bora ya kusoma, kuhesabu na afya.

Miaka michache baadaye kalamu ilishikwa hapahapa nchini. Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza kurusha katuni za Ubongo Kids kupitia TBC1 Januari 2014. Mtazamaji aliulizwa swali la hesabu, akajibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, na mhusika wa katuni akamjibu. Kisha kikaja kipindi cha wadogo zaidi, Akili and Me, cha binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huingia katika nchi ya ndoto kujifunza.

Kipindi hicho nacho kilipimwa, mkoani Morogoro, kwa zaidi ya watoto 500. Waliokiangalia walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, hata kuchora.

Msomaji aangalie namna tafiti hizi zilivyofanyika. Morogoro watoto waliangalia wakiwa shuleni, siku baada ya siku, kwa ratiba. Kisarawe nako televisheni, redio na vitabu vilipelekwa kwa watoto. Hakuna aliyekaa mjini akitumaini kwamba mtoto atakutana na kipindi. Ushahidi wetu bora kwamba televisheni inafundisha ni ushahidi wa televisheni iliyobebwa.

Mlima haupishi mawimbi

Sasa turudi Oldonyo Sambu na ramani yake. Mji wa Arusha uko kusini mwa Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566. Oldonyo Sambu iko upande wa kaskazini-magharibi, baada ya Ngaramtoni, kwenye nyanda kavu zinazoelekea Longido. Mawimbi ya televisheni ya mnara wa ardhini husafiri kama mwanga wa tochi: palipo na bega la mlima, nyuma yake kuna kivuli.

Hadi Machi 2013 antena ndefu na subira viliweza kukupa picha yenye chengachenga. Mitambo ya analojia ilipozimwa Arusha, chengachenga zikaisha, lakini na nusu-picha nayo ikaisha. Kwa dijitali, ama unapata picha safi au hupati kitu. Kwa nyumba iliyo kivulini, dawa ni dishi na king'amuzi.

Na king'amuzi kina siasa zake. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizuia kampuni za ving'amuzi vya malipo vya dishi kubeba chaneli kadhaa za ndani ambazo zinatakiwa kuonekana bure. Hoja ya Mamlaka ilikuwa na msingi wa kisheria: kitu cha bure kisigeuzwe bidhaa, mwananchi asikatiwe chaneli ya taifa lake kwa kuwa kifurushi kimeisha. Hoja ya kampuni na ya watazamaji wengi nayo ilikuwa na uzito: kule ambako mnara haufiki, dishi ndilo mlango pekee. Baadaye chaneli zilirudi, lakini swali la msingi halikujibiwa. Kipindi cha elimu cha bure kinamfikiaje mtu ambaye hana njia ya bure ya kukipokea?

Umeme si kisingizio kikubwa kama zamani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha nguzo mbali, na ada ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000 kijijini ni bei ambayo familia nyingi zinaweza kuipanga. Lakini umeme huleta taa na chaji ya simu kwanza. Televisheni, dishi, king'amuzi na kifurushi cha kila mwezi hupanga foleni nyuma ya ada, mbolea na dawa za mifugo.

Machi 17, 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, foleni hiyo ilionekana wazi. Masomo yalipelekwa redioni na kwenye televisheni hadi shule zilipofunguliwa Juni 29. Waliokuwa na kipokezi walisoma. Wengine walichunga.

Wanaopinga wana sababu

Si kila mtu Oldonyo Sambu anaililia televisheni. Wazee wa Kiarusha na Kimaasai niliokaa nao wana shaka ambayo haifai kupuuzwa: skrini humtoa mtoto kwenye mazungumzo ya jioni, na mazungumzo hayo ndiyo shule ya kwanza. Mtoto wa huku huanza kuzungumza Kimaa nyumbani. Kiswahili anakutana nacho sokoni na darasani. Kipindi cha Kiswahili kinaweza kumtangulizia lugha ya darasa, na hilo ni faida kubwa. Kinaweza pia kumfundisha kwamba lugha ya bibi yake haina nafasi kwenye kioo. Yote mawili ni kweli, na mtayarishaji wa vipindi anapaswa kuyajua.

Walimu nao wana hofu ya Samoa na Bouaké bila hata kuzisikia. Darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati likiletewa televisheni, wa kwanza kupunguziwa thamani huwa ni yeye aliyesimama mbele. Hofu hiyo inatibika kwa kumfanya mwalimu kuwa mwenye rimoti kwelikweli: asimamishe kipindi, aulize, arudie, aeleze kwa Kimaa inapobidi.

Kisha kuna suala la yaliyomo. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Matokeo yake yanaonekana kwenye tabasamu la mtu: meno ya rangi ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto mifupa ya miguu iliyopinda. Hili ni somo la afya la kufaa miaka yote ya shule, lenye sayansi, hesabu na uamuzi wa kila siku wa maji ya kunywa yachotwe wapi. Ni somo la kufaa Mtu ni Afya mpya, kwa picha safari hii. Mtayarishaji aliye Dar es Salaam halioni kirahisi, na Oldonyo Sambu haina kamera wala studio ya kumwonyesha.

> Ushahidi wetu bora kwamba televisheni inafundisha ni ushahidi wa televisheni iliyobebwa.

Barabara ipo tayari

Hatua chache kutoka kibanda umiza kuna duka la muvi. Kijana ana kompyuta moja, na mteja anampa memori kadi au flashi. Anachagua muvi za kutafsiriwa, nyimbo za injili, nyimbo za Bongo Fleva. Dakika chache na noti moja, mzigo umeingia. Mteja anaondoka nao hadi bomani, ambako simu moja huangaliwa na watoto watano.

Huo ni mtandao. Unafanya kazi kama ule wa Ann Arbor wa 1954: polepole, kutoka mkono hadi mkono, bila mnara. Unavuka bega la Mlima Meru kwa bodaboda. Kitu pekee ambacho sikukiona kwenye kompyuta ya duka hilo ni kipindi kimoja cha kufundisha watoto.

Kukiweka humo si kazi ya miujiza. Taasisi ya Elimu Tanzania, TBC na watengenezaji wa katuni wakubaliane vipindi vipi vinakiliwe bure kwa ridhaa ya wenye haki, halmashauri ivifikishe kwenye maduka ya muvi na kwa waratibu elimu kata. Kila shule ya msingi ipewe skrini moja, paneli ya sola na flashi yenye vipindi vilivyopangwa kwa darasa, pamoja na mwongozo wa mwalimu wa kurasa chache. TCRA nayo iweke sharti lisilo na mianya: chaneli ya elimu ifunguke kwenye kila king'amuzi kinachouzwa nchini, kifurushi kiwepo au kisiwepo.

Na wewe mzazi, uwe Oldonyo Sambu, Longido au Ngaramtoni, ukipeleka memori kadi dukani wiki hii, ulizia vipindi vya watoto. Mwenye duka huweka kile kinachoulizwa.